Kwa Nini Kipimo cha Chaji cha Baiskeli ya Umeme Hushuka Mlimani na Kupanda Tena?

SWALI: Mhandisi, baiskeli yangu ya umeme ina betri ya litiamu ya volti 36, ampea-saa 10. Kwenye tambarare kipimo huonyesha mistari minne kati ya mitano, nikipanda kilima cha Bugando hubaki mmoja, na nikisimama kileleni hurudi mitatu. Je, betri imeharibika? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo hayo pekee siwezi kuilaumu betri. Vipimo vya mistari vilivyofungwa kwenye usukani wa baiskeli nyingi za bei nafuu husoma volti tu, kisha hukisia chaji iliyobaki, na volti hubadilika kwa sababu nyingi zisizohusiana na chaji.

Betri yako kwa kawaida huwa na mafungu kumi ya seli yaliyounganishwa kwa mfuatano. Ikijaa husoma volti 42, na hukatwa inapokaribia 30. Kila betri ina ukinzani wa ndani, yaani hali ya kuzuia kidogo mkondo wa umeme, ambayo hupoteza volti zaidi kadiri mota inavyovuta umeme mwingi (ampea mara omu). Tuseme wako, pamoja na wa nyaya na viungio, ni omu 0.15: kwenye tambarare, mota ikivuta ampea 4, volti zinazopotea ni 0.6 tu, lakini mlimani, ikivuta ampea 15, hupotea volti 2.25, ambazo hurudi mara unapoachia mota. Kwa kipimo ambacho kila mstari wake ni kama volti mbili, hiyo yatosha kuzima mstari mmoja au miwili. Kwako inazimika mitatu, hivyo viungio vilivyolegea au kuota kutu vikaguliwe kwanza.

Tatizo la pili ni kwamba volti za litiamu hazishuki kwa mwendo sawa. Zikishuka kutoka takriban 38 hadi 36, zaidi ya theluthi ya chaji yote huwa imekwisha kutumika, ilhali kipimo kimepoteza mstari mmoja tu. Volti za betri za litiamu-fosfati, aina nyingine ya betri za litiamu, hubadilika kidogo zaidi kadiri chaji inavyotumika, na ukiifunga moja kwenye kipimo kisichotengenezewa aina hiyo, kitaonyesha chaji tele karibu hadi dakika ya mwisho.

Kwa hiyo usome kipimo baada ya baiskeli kupumzika, walau dakika kumi. Ukihitaji usahihi zaidi, funga mita inayohesabu wati-saa (kipimo cha nishati) zinazotoka: betri yako ina takriban 360 (volti 36 mara ampea-saa 10), na baiskeli inayosaidiwa kwa pedali mara nyingi hutumia kati ya 10 na 15 kwa kilomita, zaidi kwenye milima kama ya kwenu. Mita hiyo nayo hukusanya makosa madogo kila siku, hivyo uirudishe kwenye sifuri kila unapochaji betri hadi ijae.

Jambo ambalo lingenitia shaka ni baiskeli kuzimika ghafla wakati kipimo, baada ya kupumzika, bado kinaonyesha mistari miwili au zaidi. Mara nyingi hapo fungu moja la seli limechoka: saketi ya ulinzi hulipima kila fungu peke yake na kukata umeme lile dhaifu linapoishiwa, huku kipimo cha usukani kikiona jumla ya yote kumi. Fundi mwenye multimita, kifaa cha kupimia volti, aweza kulitambua kwa kupima fungu moja moja. Usifungue betri mwenyewe, kwa kuwa nyaya zake zikigusana seli zaweza kuwaka moto.