Kabla hujala rasiberi za porini, tazama jani

Siku moja nilikuwa nimejaza kiganja rasiberi nyeusi za porini, nimeshakifikisha mdomoni, nikaona punje mbili tatu zinang'aa kupita wenzake. Nikazigusa kwa kidole. Zikabingirika kila moja kivyake. Zilikuwa za lantana, kichaka kingine cha porini, ambacho matawi yake yalikuwa yamepenya katikati ya kichaka cha rasiberi nami nachuma kwa pupa. Lantana ina sumu, hasa matunda yake mabichi.

Tangu hapo siamini rangi. Jamii ya mimea ya rasiberi, ambayo wataalamu huiita Rubus, ina aina nyingi, na matunda yake yakiiva huwa mekundu, ya manjano au meusi. Mimi huanza na jani. La rasiberi limegawanyika vijani vitatu au vitano, mara nyingine saba, kingo zake zina meno kama msumeno, na aina nyingi upande wa chini ni mweupe-mweupe. La lantana ni moja tu, limekaa likitazamana na mwenzake, linakwaruza, na ukilifikicha linatoa harufu kali. Papasa na shina: la lantana lina pembe nne. Miiba isikudanganye, kwa sababu hata lantana huwa nayo.

Kama kuna maua, kazi ni nyepesi zaidi. Ya rasiberi kwa kawaida yana petali tano, nyeupe au za waridi. Ya lantana ni madogo madogo yaliyofungamana shada moja, na shada hilo hilo linaweza kuwa na manjano na nyekundu pamoja.

Halafu tunda lenyewe. La rasiberi ni vipunje vingi vilivyoshikana, na likiiva ukilivuta kidogo tu linachomoka zima. Aina nyingine huacha kiini cheupe kwenye kikonyo, tunda likabaki na shimo kama kikofia. Nyingine hutoka na kiini chake, nazo ni salama vilevile.

Nawaomba sana, msionje "kidogo tu" ili kujua. Ulimi hauna uwezo huo. Na kichaka kilicho kando ya barabara au shamba linalopigwa dawa ya magugu kiacheni, hata kama mmekitambua vizuri.

Sasa nachuma tunda moja moja, mkono wa pili umeshika tawi, macho yanafuata kikonyo mpaka kwenye jani.