Re: Oksidi ya zinki yenye kobalti, je, sumaku ni oksidi yenyewe?

Mleta mada ameeleza kuwa sampuli yake ya oksidi ya zinki, iliyopandikizwa ioni za kobalti, inaonyesha histeresisi (hubaki na usumaku hata uga wa sumaku ukiondolewa) katika joto la chumba, na kwa kuwa kipimo cha eksirei hakikuonyesha kobalti ya metali, anaamini oksidi yenyewe imegeuka sumaku. Nimeshughulika na sampuli za aina hii kwa muda, na naona hitimisho hilo limekuja mapema. Fuwele za kobalti zenye kipenyo cha nanomita 3 au 4, zikiwa chache, hutoa vilele vipana na dhaifu vinavyopotea kabisa kwenye mchoro wa kipimo cha eksirei, ilhali magnetomita (kifaa cha kupima usumaku) huzihisi bila shida, hivyo huenda sumaku ni hizo, si oksidi.

Ipoze sampuli hadi kelvini 5 pasipo uga wa sumaku, weka uga mdogo wa tesla 0.01, kisha pandisha halijoto taratibu huku ukisoma usumaku. Halafu rudia baada ya kuipoza ndani ya uga huohuo. Fuwele zikiwemo, mchoro wa kwanza kwa kawaida hupanda, hufika kilele, kisha huungana na wa pili, kwa sababu kila fuwele ina kizuizi cha nishati kinacholingana na ujazo wake, na joto likitosha kukivuka, usumaku wake hugeukageuka wenyewe, kama alivyoeleza mwanafizikia Louis Néel mwaka 1949.

Ila kilele kisipoonekana chini ya kelvini 300, usiseme fuwele hazipo. Kwa anisotropia ya kobalti ya kawaida (nguvu inayoushikilia usumaku kwenye mwelekeo fulani wa fuwele), fuwele ya nanomita 5 huachia, yaani usumaku wake huanza kugeukageuka, karibu na kelvini 85, lakini ya nanomita 8 hushikilia hadi kupita kelvini 300. Mazingira nayo yana nguvu kubwa: mtafiti Skumryev na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba fuwele za nanomita 4, ambazo ndani ya alumina (oksidi ya alumini) hupoteza uthabiti karibu na kelvini 10, hudumu hadi karibu kelvini 290 zikizungukwa na oksidi ya kobalti. Kwa hiyo angalia pia kama kitanzi cha histeresisi (mchoro wa usumaku dhidi ya uga) kinahama upande mmoja baada ya kupoza ndani ya uga. Kikihama, shuku metali yenye ganda la oksidi yake.

Shika sampuli kwa kibano cha plastiki, kwani chembe za chuma kutoka kibano cha kawaida hutoa ishara ya ukubwa huohuo, na upime pia kipande kisichopandikizwa. Ukiweka michoro hapa, taja dozi ya ioni na halijoto uliyoiokea sampuli.