Barua kwa mwanangu: siku redio iliponyamaza

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika, na salamu za wajukuu nimezipokea. Unaniuliza nilimsikiaje mtangazaji wa BBC tarehe 6 Februari 1952, Mfalme George VI alipofariki na bintiye yuko huku Kenya, kwa kuwa unajua nilikuwa London nangoja meli. Mimi sikumsikia. John Snagge alisoma tangazo saa tano na robo asubuhi, sauti ileile iliyowapa Waingereza habari za majeshi kushuka Normandy mwaka 1944, na wakati huo nilikuwa chumbani nimejifunika mablanketi mawili kwa baridi. Nilichosikia ni kimya, na hicho ndicho nitakachokueleza.

Nyumba ile ya karibu na bandari unaijua kwa hadithi zangu: ngazi nyembamba, mabaharia wa kila rangi, na mwenye nyumba mjane. Redio yake ya mbao ilikaa jikoni juu ya kabati. Alikuwa bado akiilipia kidogo kidogo kila wiki, na juu ya hayo leseni ya pauni 1 kwa mwaka. Siku nzima ya nyumba ile ilikwenda kwa redio. Asubuhi nyimbo walizochagua kina mama, saa nne na nusu muziki wa kuwachangamsha wafanyakazi viwandani, alasiri Mrs Dale's Diary, mchezo wa mke wa daktari, na hapo mtu hakuthubutu hata kukohoa. Sisi mabaharia chetu kilikuwa hali ya bahari, mita 1500 kwenye mawimbi marefu: Dogger, Humber, Thames, majina ya sehemu za bahari, msomaji akienda polepole kama mtu anayevuta tasbihi. Sheria ilikuwa moja tu: redio haiguswi ila na mwenyewe.

Niliteremka karibu na saa sita. Mwenye nyumba yuko uani anafua. Jikoni kimya, nikaiwasha. Ikapata moto, kioo chenye majina ya miji kikawaka, sauti hakuna. Nikazungusha kutoka Light Programme mpaka Home Service, stesheni zote mbili za BBC: mvumo mtupu. Nikarudisha. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kitufe alipoingia.

Hakuuliza. Angeuliza tu! Alisema mbele ya wenzangu wawili kwamba nimemharibia redio kwa mikono yangu ya kuvutia kamba, na kwamba watu wa kwetu hatujui vitu. Nikapanda juu, nikashuka na noti ya shilingi 10, nikaiweka mezani. Akaichukua, akaitia mfukoni mwa aproni.

Hatukujua, si yeye si mimi, kwamba BBC walikuwa wamesimamisha vipindi vyote kwa msiba. Zilibaki taarifa za habari na hali ya hewa, na maonyo ya tufani kwa vyombo, kwa sababu bahari haingoji matanga. Saa saba mchana redio niliyoambiwa nimeiua ikasema. Akakaa kitini, mikono ina povu la sabuni mpaka viwiko, akalia bila kujifuta.

Redio haichagui sikio. Najua mmeichoka kauli hii tangu mkiwa wadogo, lakini niliipata pale, jikoni mwa mtu aliyekuwa amenitukana saa moja kabla. Neno lilitufikia sote kwa pamoja, na mfalme alikuwa wake, na kwa makaratasi yangu ya siku zile alikuwa wangu pia.

Kisha akapika chai. Chai na sukari vilikuwa bado vya mgao, kila mtu na kitabu chake. Akatia vijiko viwili vya sukari kikombeni mwangu, kutoka kopo lake mwenyewe. Jioni redio iliposema malkia mpya anatoka Kenya, akaniuliza, "Ndiko kwenu?" Nikamwambia Nyeri alikokuwa ni mbali na Mombasa kwetu, sijapata kufika. Tangu nihamie pale hakuna aliyewahi kuniuliza habari za kwetu.

Mama yako husema sukari ile ndiyo msamaha aliouomba. Huenda. Mgao wa wiki si kitu kidogo. Lakini mtu akikutukana mbele ya watu, akuombe radhi mbele ya watu. Wale wenzangu wawili hawakuona kijiko wala kopo. Tena najiuliza: mjane, redio ya mkopo, mgeni kaigusa bila ruhusa. Na kweli niliigusa bila ruhusa. Hapo nashindwa.

Waambie watoto: Snagge, saa tano na robo. Elizabeth, binti wa mfalme, alikuwa amelala Treetops, hoteli ya juu ya mti huko Nyeri, akapewa habari kwenye nyumba ya Sagana, akaruka kutoka Nanyuki kupitia Entebbe, akafika London kesho yake. Usiku huo waziri mkuu Churchill alihutubia redioni. Mwenye nyumba aliniita kutoka juu, akanivutia kiti, akasema, "Iwashe wewe." Nikaiwasha. Redio haichagui sikio, na sote tukasikiliza mpaka mwisho.

Noti yangu hakunirudishia. Nikapata meli, nikaondoka. Ukiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, neno liko ncha ya ulimi miaka yote hii, nalo silisemi.

Baba yako