Je, kupakuliwa sana kunatosha?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaongoza mradi mdogo wa programu huria ya kutunza orodha za vitabu vya maktaba. Wachangiaji wameandika programu-jalizi 11, yaani vipande vya kuiongezea programu uwezo, na watumiaji wanataka zile zinazopakuliwa zaidi ziingizwe katika kifurushi kikuu. Je, nitumie kigezo hicho?

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usikitegemee peke yake. Wingi wa upakuaji unaonyesha kinachohitajika leo, lakini hausemi ni nani atakayeirekebisha jalizi pale toleo lako lijalo litakapoiharibu. Ikishaingia, hitilafu zake ni zako, na pengo lake la usalama linamhusu kila aliyesakinisha programu yako, hata yule asiyewahi kuifungua jalizi hiyo.

Kuitoa baadaye ni kazi ya miaka. Python, lugha ya kuandikia programu ambayo kwa muda mrefu imejivunia kumpa mtumiaji karibu kila kitu tangu anapoisakinisha, iliondoa moduli (vipande vya msimbo vilivyo tayari kutumika) 19 zilizopitwa na wakati katika toleo la 3.13 la mwaka 2024, na hata hivyo ilikuwa imeanza kuwaonya watumiaji tangu toleo la 3.11 la mwaka 2022.

Kigezo ninachokiamini zaidi ni mwendo wa mabadiliko. Tuseme mojawapo ya jalizi zako huvuta majina ya waandishi kutoka katalogi ya mtandaoni isiyo yenu. Katalogi hiyo ikibadilisha mfumo wake leo, mwandishi wa jalizi iliyo nje ya kifurushi anaweza kutoa marekebisho kesho. Iliyo ndani itasubiri toleo lako lijalo, na wakutubi watasubiri pamoja nayo. Hiyo ibaki nje, hata ikiwa ndiyo inayopendwa kuliko zote.

PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, inatufundisha pande zote mbili. Utafutaji wa maneno ndani ya matini ulianza kama nyongeza iitwayo tsearch2, kisha ukaingizwa katika kiini cha hifadhidata hiyo kwenye toleo la 8.3 la mwaka 2008. PostGIS, inayoshughulikia data za kijiografia, imebaki mradi unaojitegemea wenye matoleo yake, na bado inatumika kote duniani. Kati ya njia hizo mbili, waundaji wa PostgreSQL wana pia nyongeza zinazosambazwa pamoja na msimbo mkuu ambazo mtumiaji huziwasha mwenyewe anapozihitaji, na mpangilio huo naupenda sana kwa mradi kama wako.

Kwa hiyo anza na jalizi ambayo mtu akiikosa siku ya kwanza anaweza kupoteza kazi yake. Kwenu nadhani ni ile ya kuhifadhi nakala rudufu, kama ipo. Kabla ya kuipokea, mwombe mwandishi wake aandike majaribio yatakayoendeshwa pamoja na yenu kila msimbo unapobadilika, na mkubaliane kwa maandishi nani atapokea ripoti za hitilafu yeye asipokuwepo. Asipopatikana mtu wa pili, iacheni nje kwa sasa, na muiweke wazi kwenye ukurasa wa usakinishaji ili kila mtumiaji mpya aione.