Mzee anataka kuchomwa akifa, mimi nijipange vipi na gharama?

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni Mgiriama wa hapa Malindi, mume wangu Mtaliano, tumefunga ndoa kanisani na tumekaa pamoja miaka mingi. Sasa mzee umri umeenda na moyo wake unasaidiwa na kile kimashine cha betri alichowekewa kifuani. Ameniambia akifa hataki kurudishwa kwao ndani ya sanduku, achomwe huku huku, majivu yapelekwe Italia kwenye kaburi la mamake na mengine yamwagwe bahari ya Malindi. Kwetu wakisikia watasema nimemchoma mume wangu kama takataka. Watoto wake wako Italia na hawajui lolote. Na mimi pesa ya kubahatisha sina, nataka kujua hasa nitalipia nini.
Mama wa Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza mzee yuko hai, manake huo ndo wakati wa kuuliza, siku ya msiba hakuna mtu anayepatana bei.

Kwanza ujue moto wenyewe ni sehemu moja tu ya hesabu. Kinachomaliza watu ni mochari na barabara. Mochari inahesabu kwa siku, kwa hivyo kila siku mnayosubiri karatasi ama mtu wa kutoka Ulaya ni pesa inatoka. Bob Collymore aliyekuwa mkuu wa Safaricom alifariki tarehe 1 Julai 2019 na kesho yake akachomwa Kariokor, Nairobi, familia ilikuwa inajua anataka nini. Halafu gari la maiti. Watu wa huku wengi hupeleka Mombasa kwenye tanuri la Wahindu, na kutoka Malindi ni kama kilomita 120, sasa ukodi gari la kwenda na kurudi. Piga simu huko saa hizi, uliza kama wanapokea asiye Mhindu, bei yao imebeba nini, chombo cha majivu kimo ama unanunua mwenyewe, na wakupe kwa maandishi.

Tanuri linafika nyuzi 800 mpaka 1,000 za joto na mwili unachukua saa moja na nusu hivi mpaka tatu, ndo maana unalipia mafuta ama gesi, na kwingine kuni. Mifupa inayobaki inasagwa, jumla unapewa kilo mbili tatu hivi. Kwa hivyo usinunue jeneza la mbao nzito na vishikio vya chuma, la kawaida kabisa linatosha na linaungua vizuri. Wangari Maathai mwenyewe hakutaka jeneza la mbao, 2011 alichomwa ndani ya lililosukwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi, na mtu akikwambia umemdharau mzee kwa jeneza la bei rahisi mkumbushe huyo mama.

Sasa hicho kimashine cha kifuani, tafadhali usisahau, betri yake inalipuka kwenye moto na inaweza kuumiza wafanyakazi. Lazima kitolewe kabla, waambie mochari mapema na uulize wanatoza kiasi gani.

Karatasi: akifia hospitali wao ndo wanaoandika taarifa ya kifo, akifia nyumbani ni naibu chifu, halafu unachukua kibali cha mazishi. Kifo kikiwa cha ghafla ama cha utata, polisi na daktari wa uchunguzi wamalize kwanza, manake mwili ukishachomwa hakuna kurudia uchunguzi. Omba pia cheti cha uchomaji, na nakala kadhaa za cheti cha kifo zilizothibitishwa, ubalozi wa Italia utazitaka. Hapa ndo utaona mzee amekuokolea pesa: kusafirisha mwili kunataka dawa ya kuuhifadhi, sanduku lenye bati la zinki ndani, na ndege inakutoza kwa uzito. Majivu unaweza kuyabeba mwenyewe, bora chombo kiwe cha mbao ama plastiki mashine ya uwanja wa ndege ione ndani, na shirika la ndege uliulize kabla.

Kuhusu bahari, kwa vile nyinyi ni wa kanisa, kama ni Katoliki uchomaji umekubaliwa tangu 1963, lakini maagizo ya Vatikani ya 2016 yanakataza kumwaga majivu ama kuyaweka nyumbani. Ila 2023 Vatikani ilisema kanisa linaweza kuruhusu sehemu ndogo ihifadhiwe mahali palipokuwa na maana kwa marehemu. Mwende na mzee kwa padri mumuulize. Akikubali sehemu hiyo ndogo ibaki huku, hata wazee wenu wa Kigiriama watapata pahali pa kusimama na kuomba, na nadhani hilo ndo litakalowatuliza kuliko maneno yako yote.

Kubwa kuliko pesa ni watoto. Mzee aandike matakwa yake, aweke sahihi mbele ya wakili na mashahidi, halafu yeye mwenyewe, si wewe, awapigie simu awaambie. Kesi ya 1987 ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, mjane wake na ukoo wake wakivutana azikwe wapi, ilituonyesha kwamba mahakama ya Kenya inaweza isifuate alichotaka marehemu, na mwili ulikaa mochari miezi wakigombana. Kila siku ya ugomvi inalipiwa na wewe ndo utakuwa karibu na bili.

Na pesa zenyewe ziwekwe kwenye akaunti yenye jina lako, kwa sababu ya kwake peke yake benki ikisikia amefariki inaifunga. Kama ana bima ya mazishi, soma kama inalipia kuchomwa ama kuzikwa tu.