Barua ya Rufaa Iliyofichwa Sandukuni

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yangu ana miaka 54. Tangu tulipomzika baba mwaka jana amekuwa akilalamikia kichwa, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Amepimwa malaria na shinikizo la damu mara tatu katika kituo cha afya, na hakukuonekana tatizo. Mara ya mwisho tabibu alimuuliza mengi kuhusu majonzi na hamu ya kula, kisha akamwandikia rufaa ya kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa, Morogoro. Mama alipoyaona maneno "afya ya akili" aliikunja barua akaificha sandukuni chini ya vitenge, na huu ni mwezi wa tatu. Anasema yeye si kichaa, na kwamba huko watampeleka Mirembe au watampa dawa za kumlaza mchana kutwa. Je, nimlazimishe? Na barua yenyewe bado inafaa?
Binti, Kilosa

JIBU: Mwanangu, poleni kwa msiba. Usimlazimishe, kwa sababu hata ukimfikisha kwa nguvu siku ya kwanza hutaweza kumburuta siku ya pili na ya tatu, na katika ugonjwa ninaoushuku hapa, yaani sonona (huzuni nzito isiyoisha inayodhoofisha mwili na akili), hizo safari za kurudi ndizo zenye kazi kubwa kuliko ile ya kwanza. Nilifanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya namna hiyo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nami nimewaona wagonjwa waliofika na barua iliyochakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa, kila mmoja akiwa ameogopa jambo ambalo halikuwapo nyuma ya ule mlango.

Mweleze mama siku yenyewe inavyokwenda, kwa maana hofu yake imejaa mahali penye giza. Mtafika mapokezi kama wagonjwa wengine wote, atafunguliwa faili, atapimwa presha na uzito, kisha muuguzi au daktari atakaa naye na kumuuliza maswali yanayofanana na yale ya tabibu wenu: analala saa ngapi na kuamka saa ngapi, anakula vipi, bado anayafurahia mambo aliyokuwa akiyafurahia, na kama amewahi kutamani kufa. Swali hilo la mwisho huwashtua ndugu, lakini kuulizwa hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani; wengi huvuta pumzi kwa kuona kwamba hatimaye kuna mtu wa kuambiwa. Huenda akatolewa damu ili kuhakikisha kwamba hakuna upungufu wa damu au tatizo la tezi ya shingoni, kwani hayo nayo huchosha mwili na kuharibu usingizi. Mgonjwa aliyekwenda kwa miguu yake, mwenye dalili ulizozieleza, kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mirembe, kule Dodoma, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na hupokea wenye maradhi mazito yanayohitaji uangalizi wa karibu, na hapelekwi mtu huko kwa sababu tu amekosa usingizi baada ya kufiwa.

Kuhusu neno "kichaa", usibishane naye. Mwambie kwamba tabibu ameshuku sonona, na kwamba wengi wenye sonona hawaendi hospitali wakisema wana huzuni. Hufika wakilalamikia kichwa, mgongo, kifua na "mawazo mengi", jambo linalofanya wapimwe malaria mara kwa mara bila kuguswa kile kinachowasumbua.

Sasa nikae kidogo kwenye dawa, maana hapo ndipo tulipowapoteza wagonjwa wengi zaidi. Akiandikiwa dawa za sonona kama fluoksetini au amitriptilini, asitegemee nafuu kesho yake. Dawa hizi huchukua kati ya wiki mbili na nne, pengine zaidi, kabla ya mtu kuhisi mabadiliko, ilhali maudhi yake, kama vile kichefuchefu kwa ile ya kwanza au kinywa kukauka na kusinzia kwa ile ya pili, huja siku za mwanzo kabisa. Hivyo mgonjwa hupata taabu kabla ya faida, na asipokuwa ameelezwa mapema huzitupa dawa akiamini zimemdhuru. Mama akisinzia mno, rudini mkaseme, kwani kipimo au saa ya kumeza vinaweza kubadilishwa. Akipona asiache ghafla: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri kuendelea hadi miezi 9 hadi 12 ipite bila dalili, na kupunguza dawa kufanyike taratibu chini ya daktari. Dawa hizi hazileti uraibu kama pombe. Ulizeni pia kama kuna mnasihi, maana mjane anahitaji kuongea kama anavyohitaji kidonge. Akiwa anatumia dawa za kienyeji, daktari aambiwe bila aibu, na sala zake aendelee nazo.

Barua haijaharibika, lakini baada ya miezi mitatu ni busara kurudi kwa tabibu aliyeiandika, amtazame mama upya na kuihuisha tarehe, hasa kama mnatumia bima. Nauli na gharama zikiwa kikwazo, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa. Jambo moja lisingoje tarehe yoyote: mama akitamka kwamba afadhali afe, mpelekeni hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, msimwache peke yake, na madumu ya dawa za wadudu za shambani yaondolewe nyumbani hata kabla ya hapo.

SWALI: Mimi ni tabibu katika zahanati mkoani Tabora. Mwaka huu nimeandika rufaa kadhaa za afya ya akili na sijui hata mgonjwa mmoja kama alifika. Je, niendelee kuandika?
Tabibu

JIBU: Ndugu tabibu, endelea, ila jiulize kwanza kama kila mmoja alihitaji kwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilianza mpango wa kuingiza huduma za afya ya akili katika zahanati na vituo vya afya, kwa hoja kwamba mengi yanaweza kutibiwa karibu na nyumbani, na hoja hiyo sijaona aliyeipangua. Kule Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua matatizo yao hatua kwa hatua. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliozungumza na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sonona isiyo kali unaweza kuanza kuitibu wewe mwenyewe, ukampa mgonjwa rufaa pale unapoona hatari ya kujidhuru, dalili za kupoteza uhalisia (kama kusikia sauti zisizokuwapo), au kukosa nafuu.

Na yule unayempeleka, usimkabidhi karatasi peke yake. Mwambie kwa Kiswahili chepesi unashuku nini, piga simu kliniki umpatie siku maalumu, na umtajie mtu wa kumuulizia akifika. Muombe ruhusa ya kumhusisha ndugu mmoja anayemwamini pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kisha andika jina lake katika daftari lako na tarehe ya wiki mbili mbele, na siku hiyo ikifika bila majibu ya rufaa kurudi, mpigie yeye mwenyewe umuulize ni kipi kilichomzuia.