Kabla hujabonyeza pampu ya pumu kwa mara nyingine

Nimeishi na pumu tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilijua jambo moja tu kuhusu pampu ya bluu ya salbutamol: ukibanwa, bonyeza. Kuna wakati nilifikia kumaliza kopo la mipulizo 200 kabla mwezi haujaisha, huku mikono ikinitetemeka hadi chai ikimwagikia kisosi. Aliyenizindua ni mfamasia ambaye, kabla ya kuniuzia kopo jingine, aliniuliza, "Dada, hili la mwisho ulinunua lini?" Nilipomjibu, aligeuza risiti na kunichorea seli ya msuli wa njia ya hewa.

Salbutamol haihitaji kuingia ndani ya seli. Inashika kipokezi kiitwacho beta-2, ambacho ni protini iliyopenya utando wa seli mara 7, kama uzi unavyopita kwenye kitambaa, ncha moja ikabaki nje na nyingine ndani. Dawa ikishakaa mahali pake upande wa nje, kipokezi hubadilika umbo, na kwa ndani mojawapo ya nguzo zake, yaani zile sehemu 7 zinazopenya utando, husogea kando kwa takribani nanomita 1.4. Ni umbali mdogo mno, lakini unatosha kufungua nafasi ambamo protini G, mpokea ishara wa ndani ya seli, inajipachika. Protini hiyo ina sehemu 3, yaani alfa, beta na gama, na inapokuwa imetulia alfa huwa imeshikilia molekuli ndogo iitwayo GDP. Kipokezi huifanya iiachie, na kwa kuwa ndani ya seli GTP, molekuli kama hiyo ila yenye fosfeti moja zaidi, ni nyingi kuliko GDP, GTP ndiyo inayowahi nafasi iliyo wazi. Hapo alfa huachana na wenzake na kwenda kuamsha kimeng'enya kinachotengeneza kijumbe kiitwacho cAMP, na kijumbe hicho ndicho kinachoanzisha hatua za kulegeza msuli, hewa ikapita. Baadaye alfa yenyewe huivunja GTP kuwa GDP, ikarudiana na wenzake, na kazi ikasimama. Brian Kobilka na wenzake walichapisha umbo la kipokezi hiki kikiwa kimeshikana na protini G mwaka 2011. Mwaka uliofuata yeye na Robert Lefkowitz wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa utafiti wao wa vipokezi vya jamii hii.

Lililonigusa zaidi ni kwamba kipokezi kinachochochewa mfululizo seli hukipunguzia nguvu. Hubandikwa fosfeti, kisha protini nyingine iitwayo arestini hukizuia kuishika protini G, na vingine huvutwa ndani kabisa, visionekane tena juu ya seli. Mikono yangu nayo ilitetemeka kwa sababu vipokezi hivyohivyo vimo pia katika misuli ya viungo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuandika tarehe kwenye kila kopo unapolifungua. Likiisha mapema, nenda kwa daktari mzungumzie dawa ya kuvuta yenye steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, kwa maana salbutamol hulegeza msuli tu na haigusi uvimbe unaoendelea ndani ya njia za hewa. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena watu wazima na vijana kutibiwa kwa pampu ya bluu peke yake. Steroidi pia huzifanya seli zitengeneze vipokezi vya beta-2 kwa wingi zaidi. Ukishavuta dawa hiyo ya steroidi, sukutua mdomo kwa maji uyateme, usije ukapata utando mweupe wa fangasi.

La pili ni kumweleza kila anayekuandikia dawa kwamba una pumu, hata kama umekwenda kwa tatizo la macho. Propranolol, dawa ya moyo na shinikizo la damu, na hata matone ya timolol ya presha ya macho, hukikalia kipokezi hichohicho bila kukiamsha. Shangazi yangu alipewa matone hayo bila kuulizwa chochote, na usiku uleule tulimkimbiza hospitali akiwa hawezi kumaliza sentensi moja. Sasa kwenye jalada la kadi yake ya kliniki tumeandika kwa wino mwekundu: ANA PUMU.